Mpira Niliojaza Mchanga

Bwana asifiwe. Asanteni. Mama mchungaji amenipa nafasi na ameniomba nisipitishe muda, na mnanijua, mimi nikishika maneno siyaachi. Lakini leo nitaenda pole, kwa sababu haya sijawahi kuyasema hapa Mukuyuni. Mnanijua kama yule mwalimu aliyehamia kutoka upande wa Kitui, anayefundisha wasichana softiboli pale uwanjani, na wengine wenu mmeniuliza kwa utani kwa nini timu yangu haishindi. Leo mtajua. Sitataja jina la mtu wala la shule, na atakayenifuata kwa chai aniulize ni nani, ajue mapema sitamjibu.

Kwa wale hawajauona huo mchezo, kuna msichana mmoja anasimama katikati, tunamwita pitcha. Yeye ndiye anarusha mpira, na mwenzake wa timu ile nyingine anajaribu kuupiga kwa fimbo. Pitcha harushi kutoka juu ya bega kama mtu anayefukuza nyani shambani. Mkono unazunguka mzima, unapanda mbele, unapita juu ya kichwa, unashuka nyuma, na ukifika karibu na nyonga ndipo kifundo kinakata hivi na mpira unatoka. Mnaniona? Hata nikiwa na Biblia mkononi bado nazungusha. Timu ikiwa na pitcha mzuri, wale wengine wanaweza kusimama tu wakiota jua na bado mkashinda.

Kule Kitui, upande wa Nuu, nilimpata pitcha kama huyo. Alikuwa binti mkimya, mrefu wa mikono, mtoto wa mama mmoja mkulima ambaye bwanake anafanya kazi mbali huko barabara ya Mombasa. Nilimwonyesha ule mzunguko mara moja, naye akanirushia mpira hadi nikarudi nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa pitcha nikiwa shule, wa kawaida tu. Kumwona huyo mtoto ilikuwa ni kuona kile nilichotaka kuwa na sikuweza. Hapo ndipo shida yangu ilianzia, lakini wakati huo nilidhani ni baraka.

Shule haikuwa na vifaa. Mipira ilikuwa michache na mmoja ulikuwa umetafunwa na mbuzi. Basi nikawa fundi. Nilichukua gunia, nikakata shimo, nikalitundika kati ya vigingi viwili, mpira upite pale kwa shimo peke yake. Nilikata tyubu ya baiskeli nikaifunga kwa mti wa goli, binti awe anaivuta mkono upate nguvu. Nilitia mpira ndani ya soksi ndefu nikafunga fundo, ajifunze kukata kifundo bila mpira kutoroka, kwa sababu mpira ukiingia kwa ile miiba ya kule, mazoezi yenu yameisha. Wenzangu walikuwa wakipita wananicheka, ati mwalimu amefungua karakana ya jua kali uwanjani. Lakini hivyo vifaa vilikuwa vizuri, na binti alikuwa anapenda. Ningeachia hapo, leo mngekuwa mnasikiza ushuhuda wa mtu mwingine.

Tulicheza na shule moja ya mjini wakatushinda. Mwalimu wao akanisalimia vizuri, kisha akasema binti yangu anajua kulenga lakini mpira wake hauna moto. Alisema hivyo akicheka, na sidhani alikumbuka hata jioni ile. Mimi nilikaa na hilo neno wiki nzima. Ndugu zangu, nawaambia, kuna watu huanguka kwa pombe na wengine kwa wanaume. Mimi niliangushwa na mtu aliyesema mpira wa mtoto hauna moto.

Nikatafuta kwa simu. Nikapata video ya mama mmoja wa nchi za nje akionyesha mpira mzito, kwamba mchezaji akiuzoea huo, ule wa kawaida unakuwa mwepesi mkononi na unaenda kwa kasi. Na nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu sitaki kujipunguzia. Huyo mama alisema uzito uongezwe kidogo sana, na watoto ambao bado wanakua wasiuguse. Nilimsikia. Nilirudisha video nyuma nikamsikia tena. Halafu nikajiambia huyo anaongea na watoto wa kwao, waliolelewa na maji ya bomba. Watoto wetu wanachota maji kwa mchanga wa mto tangu wakiwa wadogo, jerikeni mgongoni, mukwa, ule mkanda wa kubebea, kichwani, wanapanda nayo mlima. Nikasema mkono wa Mkamba huo mpira wa wazungu utauona ni ndimu.

Hata sikufikiria kwamba yale maji yanabebwa na mgongo na shingo. Bega la kuzungusha halimo kabisa. Mimi ni mwalimu, ninafundisha hata sehemu za mwili darasani.

Basi nikachukua ule mpira uliotafunwa na mbuzi, nikautoa matumbo, nikaujaza mchanga wa mto na vipande vya chuma nilivyookota kwa fundi wa kuchomelea. Nikaupeleka kwa fundi wa viatu akaushona na kuuzungushia mpira wa tairi. Alipomaliza aliupimapima mkononi akaniuliza kama ni wa kupiga fisi. Nilicheka naye, nikaenda zangu nikiwa nimefurahi kabisa.

Binti akaanza kuurusha kila jioni baada ya masomo, akilenga lile gunia. Mwanzoni haukufika hata nusu ya njia. Baadaye ukafika. Na alipokuwa akirudi kwa mpira wa kawaida, aki, ulikuwa unalia hewani. Msichana aliyekuwa anadaka alitia sponji ndani ya glavu. Mimi nikisimama pembeni nilikuwa najiona tayari nimefika mashindano ya taifa, nimevaa ile jezi ya makocha.

Kisha akaja kuniambia bega linachoma. Alikuja peke yake, akangoja wenzake waende. Nikamwambia ni misuli inakua. Akaja mara nyingine, akasema hawezi kulalia upande ule. Nikampa dawa ya kuchua, nikamwambia mchezaji wa kweli anazoea. Na nikamwambia asiwaambie wenzake wala nyumbani, wasije wakamwona mlegevu. Alisema sawa mwalimu. Hiyo sawa yake ninaisikia hata leo nikiwa naosha vyombo.

Akina mama, yule mtoto alilelewa kumtii mwalimu. Ndiyo mnavyowalea, na mnafanya vizuri. Lakini mimi niliitumia ile adabu mliyompa kumfunga mdomo.

Siku ya mashindano ya kaunti tulienda Kitui mjini. Alianza vizuri, akawatoa wasichana wa kwanza bila hata mmoja kugusa mpira, na yule mwalimu wa mjini alikuwa pale ananiangalia, nami nilihakikisha ananiona. Halafu binti akazungusha mkono, ukafika juu, na kabla haujashuka nikasikia amekata pumzi. Mpira ukaenda kando kabisa. Mkono ukabaki unaning'inia. Hakulia. Hakuangalia bega, aliniangalia mimi.

Kule hospitali daktari akasema kano za bega zimechanika, na kwamba hiyo haikuwa ya siku moja, ni kitu kilichokuwa kikiumia kwa muda. Akauliza huyu mtoto amekuwa akifanya nini. Mwalimu mkuu alikuwa pale. Mama yake binti alikuwa ameshafika, ana vumbi ya barabara hadi kwa kope, bado hajakaa. Wote wakanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye kila jioni.

Nikasema, "Labda ni maji. Huyu mtoto anabebeshwa maji mengi sana nyumbani."

Ninawaambia ukweli wa Mungu, sikuutafuta huo uongo. Ulitoka wenyewe, ukiwa umepangwa vizuri, kama ulikuwa ukingoja kuitwa. Mwalimu mkuu akaniuliza kama binti aliwahi kulalamika. Nikasema hakuwahi, hata siku moja. Naye amekaa pale kitandani, anasikia yote mawili. Akageuza uso akaangalia ukuta.

Mama yake akashika mdomo. Akasema, "Aiya. Ni mimi." Halafu ndipo akakaa.

Sasa mngedhani nilienda nyumbani nikalia nikatubu. Sikutubu. Nilienda nikauzika ule mpira kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba yangu, nikala, nikalala. Na baada ya siku chache yule mama akaja shuleni na kuku kwa mkono mmoja na ndengu kwa kyondo. Alikuja kuniomba msamaha. Mimi. Akasema anajua nilikuwa nimeweka matumaini kwa binti yake, na yeye kwa kutojua amemharibu kwa jerikeni, akaomba nisimchukie mtoto kwa makosa ya mzazi. Alikuwa anaongea akiangalia chini, na kuku anampigapiga mabawa kwa mguu.

Mkisikia mtu anasema hana uso, ni siku hiyo niliupoteza wangu. Ningeweza kusema pale pale, tulikuwa wawili tu chini ya kivuli cha ofisi. Nilisema asante mama, usijali, haya hutokea. Na yule kuku nilimchinja nikamla. Mnacheka, na mcheke, mimi pia ningecheka ningekuwa nimekaa hapo mlipo. Nilimla na ugali na nikatafuna hata mifupa.

Baada ya hapo yule mama hakumruhusu binti kugusa maji tena. Wadogo zake walikuwa bado wadogo. Kwa hivyo alianza kuyaleta peke yake, kwa goti ambalo lilikuwa linamsumbua tangu zamani. Wanafunzi walikuwa wananiambia wamempita njiani amekaa chini, jerikeni kando, anapumzika. Walikuwa wananihadithia tu kama habari za kijiji. Nilikuwa nasema pole yake, naendelea kusahihisha vitabu.

Binti hakuacha shule. Alikuwa akinisalimia kwa heshima ile ile, mkono umefungwa kitambaa. Hakuniuliza chochote na hakusema kwa mtu. Nilianza kupita njia ya nyuma ya madarasa nisikutane naye, mimi mtu mzima, namkwepa mtoto wa sare.

Ikafika siku ya akina mama katika kanisa lao. Nikaalikwa mgeni wa kuzungumza, na jina langu lilipendekezwa na nani? Na huyo mama. Alisema waniite mimi, mwalimu anayependa watoto wetu. Nikavaa vizuri nikaenda, nikakaa mbele pale na wazee wa kanisa.

Kabla sijazungumza wakasema kuna mama ana ushuhuda. Akasimama yeye. Akasimulia kanisa lote vile alivyomtwika mtoto wake maji hadi bega likachanika, vile mtoto alikuwa na kipawa na mama mzazi ndiye aliyekiua. Akaomba Mungu amsamehe, akaomba akina mama wengine wawahurumie mabinti zao. Alilia hadi wakamshika. Kisha wakanipa mimi nafasi.

Ndugu zangu, nafasi ilikuwa hiyo. Mungu hawezi kukutengenezea nafasi nzuri zaidi ya hiyo. Nikasimama nikasema, tumpigieni makofi mama huyu kwa ujasiri wake. Na wakapiga.

Binti alikuwa kwa kwaya. Aliinuka, akapita katikati ya kanisa mbele ya macho yangu, mkono wake kwenye kitambaa, akatoka. Hakukimbia. Sikumbuki nilichozungumza baada ya hapo, waliniambia nilizungumza vizuri.

Wakati wa chakula nilishindwa kula. Nikamuuliza mama mmoja yule wa ushuhuda yuko wapi, nikaambiwa ameshaenda mtoni kwa sababu nyumbani hakuna maji. Nikaenda hivyo hivyo na viatu vya kisigino, nikavivua nilipofika kwa mchanga. Nilimkuta amepiga magoti ndani ya shimo alilochimba, anachota kwa kibuyu kidogo, maji yanatoka pole pole. Aliponiona alitaka kuinuka anisalimie. Nikamwambia akae. Nikapiga magoti na mimi pale kwa ukingo, na nguo yangu ya kanisani, nikamwambia. Nilimwambia mpira, mchanga, vile vipande vya chuma. Nilimwambia mtoto alikuja kwangu akasema inauma na nikamwambia anyamaze. Nilimwambia nilisema uongo hospitalini, na nikala kuku wake nikijua.

Aliendelea kuchota. Hakuniangalia. Alijaza kibuyu akamimina, akajaza akamimina, hadi jerikeni ikafika shingoni. Mimi nilikuwa nangoja matusi. Nilikuwa nayataka, yangenipunguzia. Halafu akaweka kibuyu chini.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

Nikamwambia si wewe, mama. Hukufanya chochote.

Akakaa kwa mchanga akalia, na katika kulia alikuwa anamshukuru Mungu kwa sauti. Anashukuru. Mimi nilikuja nikidhani nitamletea hasira, kumbe nilikuwa nimemwekea mzigo kila asubuhi kwa muda huo wote, na alipotuliwa hakukumbuka hata kunikasirikia. Hapo ndipo nilijiona vile nilivyo. Sijui kama kuna aibu nyingine mbele ya ile, lakini kama ipo sitaki kuijua.

Alipomaliza akafuta uso kwa leso, akaongea na mimi kama mtu anayeongea na mtoto wake mkubwa. Akasema Jumatatu nitaenda kwa mwalimu mkuu niseme. Akasema Jumapili nitasimama pale pale alipokuwa amesimama yeye. Na kliniki ya bega, kuanzia sasa, nitakuwa nampeleka mimi. Nikataka kumbebea maji, akakataa. Alifunga mukwa, akaniomba nimsaidie kuinua tu, akaenda.

Nilifanya yote matatu, na sikufanya kwa ushujaa. Mkutano wa wazazi uliitwa. Baba mmoja alisema nisiguse mpira tena maisha yangu yote, na nilimwona ana haki. Nikaondolewa kwa michezo, baadaye nikahamishwa, ndiyo mnaniona huku Makueni, ambako timu ilikosa mwalimu nikapewa mimi. Yule mama wa mazoezi ya viungo kule hospitalini hakunikubalia kungoja nje. Alinikalisha kwa kiti ndani, niangalie. Kila alipousogeza ule mkono kidogo alimuuliza binti, inauma? Akisema ndiyo, anaacha hapo. Ni hilo tu. Nilikuwa nimemfundisha yule mtoto kila kitu cha huo mchezo na sikuwahi kumuuliza hilo swali hata mara moja.

Sasa mnataka kujua mkono umefika wapi. Anasuka nywele, anaandika, amerudi kubeba maji, mama yake amepumzisha goti. Kurusha kama zamani hawezi, na alisema hataki hata kujaribu. Siku ya mwisho ya kliniki, tukiwa tumekaa nje kwenye benchi, nilimwomba msamaha rasmi.

Akaniambia, "Ile ya mkono nilikusamehe kitambo, mwalimu. Ile ya mwaitu, ya mama yangu, bado."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hajui, na hakusema kwa ubaya. Mimi bado naenda kwao shule zikifungwa. Mama yake ananipokea, ananipikia muthokoi, tunaongea mambo ya mvua. Binti ananisalimia, kisha anaenda kukaa jikoni hadi niondoke.

Kwa hivyo wale mnaouliza kwa nini timu yangu haishindi, ni hivi. Hapa tunatumia gunia, tunatumia soksi, na mpira wa mazoezi tunaufinyanga kwa mifuko ya nailoni, mwepesi hata mtoto wa nasari anaurusha. Msichana akisema panauma, anakaa chini, na hakuna wa kumuuliza mara mbili, hata kama ni fainali. Tumepoteza mechi hivyo. Tutapoteza nyingine.

Ninamshukuru yule mama, ambaye nikimwita rafiki bado naona nimejipandisha. Ninamshukuru mama wa kliniki, na mwalimu mkuu ambaye aliniadhibu bila kunitupa. Nawashukuru nyinyi mlionipokea hapa bila kuniuliza nimetoka wapi na kwa nini. Na kama kuna fundisho, ni dogo. Ukikosea, kosa lako kaa nalo wewe mwenyewe. Usimtafutie mama wa watu wa kulibeba, kwa sababu wengine wakipewa watalibeba kweli, na watakuletea kuku.

Mama mchungaji atatuombea sasa, na nina ombi moja kabla hajaanza. Msiombe yule binti anisamehe. Amebebeshwa vya kutosha, na ninyi mkianza kumsukuma kwa maombi mtakuwa mmemwongezea. Mwacheni akae jikoni kwao hadi atakapotaka mwenyewe kutoka. Mimi ndiye niombewe, nisichoke kwenda.